Ncha nyembamba: tukate au tuache?

Wadau, hii mada imezua ubishi hosteli wiki nzima. Mie nasema kateni! Ila si kwa sababu mnayopewa saluni.

Najua inauma. Wengi wetu tulikuwa vipara sekondari nzima kwa sheria ya shule, hadi kidato cha sita, kwa hiyo kila sentimita tunaihesabu. Halafu mtu anakuja na mkasi!

Lakini tupige hesabu. Nywele huota kwenye mzizi, ndani ya ngozi, kama sentimita 1 kwa mwezi. Mkasi haufiki huko, kwa hiyo eti ukikata zinakua haraka ni porojo tu. Shida ni kwamba ncha iliyopasuka haiungi tena, hata umwagie kopo zima la mafuta ya nazi. Mpasuko unapanda juu, nywele zinanasa kwenye kitana, zinakatika. Unapata sentimita 1 juu, unapoteza 1 chini, halafu unalalamika "nywele zangu hazikui". Zinakua jamani, ila hazibaki!

Sasa usikate kwa kalenda. Ukikata sentimita 2 kila baada ya miezi miwili, utabaki pale pale. Zishike uzitazame: zikiwa zimepasuka na zinafunga mafundo, toa hizo tu. Zikiwa nyembamba lakini nzima, ziache, na usiku uzifunge kitambaa cha satini.

Na msusi muonyeshe kwa kidole kabisa pa kuishia, maana "kidogo" yake na yako haziko sawa.

Haya, mnaobisha leteni hoja!