Dawa Haichumwi Mtini

Kila ugonjwa mpya ukiingia, tunaambiwa dawa iko porini inatusubiri. Mkemia ni mfungashaji tu, tena mwizi wa siri za wazee. Ni imani hii iliyompeleka waziri wetu wa mambo ya nje wa Tanzania hadi Madagaska Mei 2020 kuchukua kinywaji cha pakanga, kisha tukashangaa Korona haikuondoka. Mmea huo, lakini, umetupa silaha kubwa dhidi ya malaria. Tu Youyou wa China alielekezwa na kitabu cha karne ya 4, akaacha kuchemsha majani, akatumia etha, na mwaka 1972 artemisinini ikapatikana. Anayewatetea waganga wa kale ana haki ya kuanzia hapo, ila hana haki ya kuishia hapo.

Maana artemisinini ni kaidi: haiyeyuki vizuri kwenye maji wala kwenye mafuta. Mtoto aliyepoteza fahamu kwa malaria kali hawezi kumeza kidonge, sembuse kikombe cha chai chungu. Anahitaji dawa ya mshipa. Ndani ya molekuli hiyo kuna atomi mbili za oksijeni zilizoshikana, nazo ndizo zinazomwangamiza kimelea. Ukizivunja, dawa imekufa. Wakemia wa China waliziacha, wakabadili upande mwingine na kubandika kipande cha asidi, wakapata atesuneti. Ndiyo maana leo muuguzi hutia bikaboneti kwenye kichupa cha unga, akatikisa mpaka maji yawe maangavu, akachoma. Jaribio la AQUAMAT, lililochapishwa mwaka 2010, lilihusu watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo. Waliotibiwa kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, kwa atesuneti, asilimia 8.5. Na kwinini, tukumbuke, ni molekuli ileile iliyotengenezwa na mti kwenye gome lake. Sisemi kila kilichobadilishwa huwa bora, lakini hapa kilichoshinda ni kile kilichopita mikononi mwa mkemia.

Watasema wakemia ni vibaraka wa kampuni za Ulaya. Wapo. Ila atesuneti ilizaliwa katika mradi wa serikali ya China, na Cape Town yupo Kelly Chibale, Mzambia, aliyeanzisha kituo cha utafiti wa dawa cha H3D mwaka 2010. Molekuli ya malaria iliyotoka kwa timu yake, MMV048, ilianza kujaribiwa kwa binadamu mwaka 2014, baadaye ikasitishwa. Wanaocheka kwa sababu ilisitishwa hawaijui kazi hii. Kiongozi wa wakemia wa dawa hutumia miaka mingi akitupa molekuli: hii ini linaivunja upesi, ile ina sumu, nyingine haifiki kwenye damu. Mwarobaini hauwezi kumfanyia uamuzi huo. Kwa hiyo wizara ikitangaza tena fedha za utafiti wa mitishamba, iulizwe kwanza ni kiasi gani kitaajiri watu wa kuzibadili molekuli zitakazopatikana, na watalipwa kwa miaka mingapi kabla ya kudaiwa kidonge.