Muziki ya bure haiko: kuko mutu anayeilipa

Kila siku ya posho mangaribi, hapa Lubumbashi, muziki inatoka kila kona. Kamalondo, Katuba, Kenya, Ruashi: fasi moja ni ndoa, fasi ingine ni bare, fasi ingine ni korali inayofanya repetisyo kwa ajili ya siku ya yenga. Tunacheza, tunashangilia, tunabandika noti ya franka kwenye paji la uso la muimbaji, kisha tunarudia nyumbani tukisema muji wetu uko na vipaji. Ni kweli. Lakini kuna ulizo moja ambalo hatupendi kuuliza: wale wanaopiga gitare mupaka saa saba ya usiku, nani anawalisha kesho yake asubui?

Mara nyingi si sisi tuliocheza. Ni mutu mwingine wa nyumba yao, na mara nyingi ni muke mwenye kuuzisha kwenye soko. Yeye ndiye anayelipa muziki yetu, na sisi hatumuoni. Tunakuja kumuona siku anaanguka.

Katika komini ya Katuba kuko bwana mumoja, baba ya watoto watatu, anayepiga gitare ya solo katika orkestra ndogo ya mutaa. Yeye na muke wake walikubali niandike juu yao, lakini bila majina. Muke alikuwa anauzisha unga, samaki ya kukauka na mafuta kwenye soko ya Kenya, ile Kenya ya komini yetu, si ile ya inchi. Mwaka uliopita, akiwa anarudia nyumbani na ndoo yake kichwani, moto ilimugonga kutoka nyuma. Mufupa wa muguu ulivunjika fasi mbili. Mwenye moto alikimbia. Wapita-njia ndio walimuchukua na kumufikisha kwenye hospitali.

Mule, mbele ya kumufunga plasta, waliomba feza za kuanzia. Kisha kukaja picha ya mifupa, dawa, kitanda. Wakati munganga alisema anaweza kurudia nyumbani, alibaki ndani juma mbili zaidi, juu fakitire ilikuwa haijaisha kulipwa. Familia nyingi za inchi yetu zinajua hiyo maisha: mugonjwa amepona kiasi, lakini mulango haufunguki.

Katika mutaa watu walisema: yule mama yuko na bahati, bwana yake ni mwanamuziki, anajulikana muji muzima. Kujulikana hakukulipa hata plasta.

Miezi ine mama hakuweza kukanyaga vizuri. Bwana ndiye alikuwa anateka maji, anamuogesha, anapika bukari, anapeleka watoto kwenye masomo, na asubui anakaa kwenye meza ya soko pahali pa muke wake. Wanaume wengine walimucheka. Orkestra ilimungojea siku mbili za posho, kisha ikatafuta mutu mwingine wa kupiga solo. Siwalaumu sana, mwenye ndoa alikuwa anangoja muziki, na wao pia wako na nyumba zao.

Ni pale kwenye meza ya soko ndipo alikuta daftari ya muke wake. Kati ya deni za unga na za chumvi, kulikuwa mistari hii: kamba za gitare, transporti ya repetisyo, kutengeneza ampli, shati ya orkestra. Kila mwezi, kwa miaka. Kwa upande wa makuta yenye kuingia, gitare ilikuwa na mistari michache sana. Aliniambia kama siku zote alikuwa anafikiri gitare inasaidia nyumba. Daftari ilionyesha kinyume: nyumba ndiyo ilikuwa inasaidia gitare, na kupitia ile gitare, ilikuwa inasaidia feti zetu sisi wote.

Tufanye hesabu pamoja, kwa feti moja ya kawaida. Familia inapatana na orkestra ya watu wane kwa dola 100. Usiku unapoisha, mwenye feti anasema mambo yamekuwa magumu, anatoa 60. Kukodi bafle na mikro, 20. Gari ya kubeba vyombo kwenda na kurudia, 15. Mafuta ya grupu juu kura imekatika, 5. Inabaki 20. Kila mutu 5, na katika hiyo 5 ni lazima atoe transporti yake. Katika ile feti, keki ililipwa yote. Vinywaji vililipwa yote, hakuna muuzaji wa bia anayekubali nusu. Mwenye kupiga picha alilipwa mbele ya kutoa picha. Ni mwanamuziki peke yake ndiye aliambiwa: ndugu yetu, utatuelewa.

Hii haikuanza leo. Katanga yetu ni fasi yenye historia kubwa ya gitare ya kavu. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka Afrika akirekodi muziki, alimukuta Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, leo Likasi, na akarekodi wimbo wake "Masanga". Mutoto wa Bunkeya akajulikana mupaka Kenya na Ulaya, na hata leo wapiga-gitare wa inchi za mbali wanajifunza namna vidole vyake vilikuwa vinatembea. Lakini mutu mukubwa kama yule hakuishi kwa gitare peke yake. Alifanya kazi zingine pia. Alikufa mwaka wa 1990, katika aksida ya barabara. Kama Mwenda hakuweza kuachia gitare mizigo yote ya nyumba, kijana wa Katuba ataweza namna gani?

Mwezi wa 12 mwaka wa 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo mbili kwenye urizi wa dunia. Tulipiga vigelegele, na ilikuwa haki. Lakini urizi wa dunia unachungwa na nani? Hauchungwi katika ofisi. Unachungwa katika nyumba za udongo na za mabati, na mutu anayepiga bila mushahara, na mutu mwingine aliye nyuma yake anayeuzisha unga ili yule apate kamba mupya.

Wengine watanijibu: hao si wanamuziki wa kazi, wanapiga kwa mapendo; kama wanataka feza, watafute kazi. Mapendo ni kweli. Yule bwana hata leo hawezi kulala bila kugusa gitare. Lakini mwalimu anapenda watoto na bado tunasema alipwe. Na kama unasema ni muchezo tu, juu ya nini unakasirika anapochelewa kwenye feti yako? Mutu anayechezacheza hapewi saa ya kufika.

Wengine watasema: ndoa za kwetu ni za watu masikini, na kanisa ni kazi ya Mungu. Hapa ninakubali tutenganishe mambo. Kilio ni kilio. Mwanamuziki anayekuja kuimba usiku mbele ya maiti ya jirani anatoa kama vile jirani mwingine anatoa kuni na unga. Hiyo ni desturi yetu, na ibaki. Korali ya kanisa pia ni sadaka ya muimbaji mwenyewe. Lakini sadaka inatoka kwa mwenye kuitoa. Si mutu mwingine anayemukata kwa nguvu. Na bare haiko kanisa. Mwenye bare anauzisha makreti juu orkestra inapiga. Kama anawapa wanamuziki bia mbili mbili na kusema wamelipwa, ule si mapendo ya muziki, ni wizi wa pole pole.

Tusijidanganye pia kwamba serikali itakuja kukamata hiyo nyumba siku ya aksida. CNSS inalinda kwanza mufanyakazi mwenye patroni anayemutangaza na kumulipia kila mwezi. Mupiga-gitare wa mutaa hana patroni. Muke wake wa soko pia hana. Mupango wa kuzaa bila malipo, ulioanzishwa Kinshasa mwaka wa 2023, ni jambo zuri sana, lakini muguu wenye kuvunjika haumo. Sheria juu ya haki za watungaji iko tangu mwaka wa 1986, na SOCODA, shirika la kukusanya hizo haki, ilianzishwa mwaka wa 2011. Lakini haki ya mutungaji inamufikia aliyeandikisha nyimbo zake, na wale wa mutaa wengi hawaandikishe kitu, wanapiga nyimbo za wengine na mbili tatu zao ambazo ziko katika telefone tu.

Basi tufanye nini? Ninaona mambo ine, na hakuna hata moja linalongoja waziri.

La kwanza, bei isemwe mbele, na nusu itolewe mbele. Iandikwe kwenye karatasi, hata kwa bik, watu wawili watie sinyatire. Kama familia haina uwezo, iseme wazi: tunaomba mutupigie bure, ao kwa bei ya chini. Mwanamuziki atakubali ao atakataa akijua. Muzuri bure ya wazi kuliko 100 inayogeuka 60 saa saba ya usiku, wakati huwezi tena kubishana juu wageni wanaangalia.

La pili, transporti na vyombo visihesabiwe katika mushahara. Anayealika orkestra alete gari ao alipe gari. Ni namna hiyo tunafanya kwa mupishi: hatumuombi alete mufuko wa unga kutoka kwake.

La tatu linaangalia orkestra zenyewe. Tuko watu wa likelemba. Mama zetu wa soko wanajua hiyo kazi kuliko benki. Kila feti, mbele ya kugawana, orkestra iweke kidogo katika kisanduku cha ugonjwa, na daftari ichungwe na mutu asiyekunywa. Na kisanduku kile kifunguke si kwa mwanamuziki peke yake, lakini pia kwa muke ao bwana wa nyumba yake. Juu kama nimeeleza vizuri, yule wa nyumba ni memba wa orkestra. Hapandi kwenye jukwaa, lakini bila yeye jukwaa linakuwa tupu. Orkestra yenye watu wane iko na memba munane.

La ine ni la sisi wote tunaopanda moto. Sheria ya asiransi ya mwaka wa 2015 inaomba kila chombo chenye motere barabarani kiwe na asiransi ya kulipa mutu atakayeumizwa. Ba manseba wengi hawana, na wanaowakodisha moto wanajua. Tuwaulize wenye moto, si watoto wanaoziendesha. Na siku ya aksida, mutu ashike namba ya moto, atafute washahidi, aombe polisi iandike PV. Bila ile karatasi, hata kama asiransi iko, kudai ni vigumu sana. Katika hali ya mama huyu, hakuna aliyeshika namba. Watu walishika mugonjwa, na walifanya vizuri, lakini mumoja kati yao angeweza kuangalia nyuma.

Niseme pia neno juu ya musaada, juu hapo ndipo tunajidanganya zaidi. Wakati habari ya mama huyu ilisikika, watu walikuja. Kuna aliyeleta mufuko wa unga, kuna aliyetoa 10.000 franka, kuna aliyepanga usiku wa kuimba kwa kukusanya feza. Yote ilikuwa mapendo ya kweli, na fakitire ilimalizika juu ya hayo. Lakini nilijiuliza: kati ya hao waliokuja, wangapi walikuwa na deni ya feti ya zamani kwa yule bwana? Alinihesabia deni tano za ndoa na moja ya bare. Zingelipwa kwa wakati wake, mama angetoka hospitali siku munganga alimuruhusu, kichwa juu, bila mutu kumuhurumia. Tunapenda kutoa zawadi kwa mutu ambaye tulikataa kumulipa. Zawadi inatupa jina. Deni haitupe jina.

Leo mama amerudia kwenye soko. Anakaa kwenye kiti, muguu umenyooshwa, hawezi kubeba ndoo, na bwana ndiye anayebeba asubui na mangaribi. Gitare haikuuzishwa. Mama mwenyewe ndiye alikataa iuzishwe, juu anasema bwana bila gitare anakuwa mutu mwingine katika nyumba. Lakini waliweka sheria mupya: kila mara anapotoka kwenda kupiga, ni muke anayeongea bei kwenye telefone. Niliambiwa kama tangu pale, wateja wamoja walipotea. Wale waliobaki wanalipa.

Musomaji wangu, labda mwezi huu uko na ndoa, ubatizo ao feti ya diplome katika familia. Utaita vijana wa kupiga. Fungua mufuko mbele ya kufungua chupa. Na kama uko na deni ya mwaka uliopita kwa mupiga-gitare wa mutaa wako, usingoje usikie kwamba kuko mutu aliyevunjika katika nyumba yake. Umupelekee leo.