Tovuti ikizimika, dawa ya haraka haitoshi

Katika miji ya mashariki mwa Congo, kuanzia Bunia hadi Uvira, tovuti nyingi za redio, vyuo, hospitali na mashirika zinategemea mtu mmoja. Mara nyingi ni kijana aliyemaliza masomo ya informatiki, anayelipwa kidogo ao asiyelipwa kabisa, na ambaye anaitwa tu siku mambo yameharibika. Akifika, wakubwa wanamuuliza tovuti itarudi saa ngapi. Ni wachache wanaouliza kwa nini ilizimika.

Haraka hiyo inaeleweka. Tovuti ikizimika, mkaaji hapati tangazo la usalama na mwanafunzi haoni matokeo yake. Tena matatizo mengi ya kila siku yana dawa ya dakika chache. Lakini dawa hiyo ikitolewa bila kutafuta chanzo, ugonjwa unarudi baada ya wiki mbili, ao unaleta mwingine mkubwa zaidi.

Tuseme diski ya seva imejaa. Tovuti inaonyesha ukurasa mweupe, hifadhidata inakataa kuandika, na watu wanadhani wezi wa mtandao wameingia. Amri moja, df -h, inatosha kuonyesha kama nafasi imekwisha. Mara nyingi zilizojaza ni faili za kumbukumbu ndani ya /var/log, ambamo seva inaandika kila kinachotokea, mchana na usiku. Fundi mwenye haraka anazifuta, kisha anashangaa nafasi hairudi: programu iliyokuwa ikiandika bado inashikilia faili ile mpaka iwashwe upya. Na hata nafasi ikirudi, kama hakupanga logrotate, chombo kinachobana na kufuta chenyewe kumbukumbu za zamani, diski itajaa tena.

Tatizo lingine la kila siku ni ruhusa. Tovuti inakataa kupokea picha, fundi anaandika chmod 777, picha inapita na kila mtu anafurahi. Tarakimu hizo tatu, hata hivyo, zinampa kila mtumiaji na kila programu ya seva ile haki ya kusoma, kuandika na kuendesha. Ni kama kung'oa mlango wa nyumba kwa sababu ufunguo umepotea. Kwa kawaida folda zinatosheka na 755 na faili zinatosheka na 644. Kinachobaki ni kuhakikisha kwamba folda ya picha ni mali ya jina ambalo seva inatumia kufanya kazi.

Kuna pia cheti kinacholinda anwani za https. Let's Encrypt inakitoa bure, na cha kawaida kinadumu siku 90. Programu ya Certbot inaweza kukifanya upya yenyewe, na amri certbot renew --dry-run inajaribu kama kazi hiyo itapita kabla siku haijafika. Wakati mwingine kosa liko kwenye kompyuta ya msomaji: betri ndogo ya duara ndani yake imekufa, umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka mingi, na kompyuta inaona vyeti vyote kuwa vibaya. Hapo inatosha kurekebisha tarehe na kununua betri mpya. Hakuna haja ya kufuta Windows na kuiweka upya.

Dawa hizi zote ni nyepesi. Kinachokosekana ni mtu wa kukumbuka tarehe, na Congo inafahamu hatari ya kusahau. Mwishoni mwa mwaka 2020, muda wa jina la mtandao scpt-network.com uliisha bila kufanywa upya. Jina hilo lilibeba seva zilizokuwa kati ya zile zinazoelekeza anwani za .cd, yaani anwani za nchi nzima. Mtafiti Fredrik Almroth, wa kampuni ya Detectify ya Sweden, aliliona na kulinunua kabla halijaangukia mikono mibaya, kiisha akaeleza jambo hilo hadharani mwezi wa kwanza 2021. Kwa maelezo yake, aliyeshika jina hilo angeweza kunasa karibu nusu ya maombi ya anwani za .cd. Hapakuhitajika mshambuliaji hodari. Ilitosha jina linalolipiwa dola chache kwa mwaka lisahauliwe.

Hata wenye uwezo mkubwa wanateleza. Tarehe 31 mwezi wa kwanza 2017, fundi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za watengenezaji programu duniani, alikuwa akihangaika usiku na hifadhidata yenye shida. Alifuta folda akidhani yuko kwenye seva nyingine, kumbe ni ile inayotumikia wateja. Walipotaka kurudisha data, njia za nakala walizozitegemea hazikufaa. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa karibu muda wa saa 6 mbele, kwa ajili ya kazi nyingine. Kilichoandikwa katika saa hizo kilipotea. GitLab ilikuwa na nakala za aina mbalimbali, lakini hakuna aliyekuwa akihakikisha kwamba zinarudisha kitu.

Kwa wakaaji wa Kivu na Ituri, somo hilo ni zito zaidi. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, na siku tano baadaye viongozi waliamuru sehemu kubwa ya Goma ihame. Watu walitoka na kile ambacho mikono iliweza kubeba. Vita navyo vimewahamisha wengine mara nyingi, bila kutoa taarifa. Nakala iliyo kwenye diski kando ya seva, katika ofisi hiyo hiyo, inapotea pamoja na ofisi. Rekodi za wagonjwa, alama za wanafunzi na miaka ya habari za redio vinastahili nakala katika mji mwingine, na siku moja kila mwezi ya kujaribu kuirudisha.

Kazi hiyo haiwezi kuachiwa kijana wa kujitolea peke yake. Mkurugenzi wa redio, wa shule ao wa hospitali ndiye anayepaswa kudai daftari lenye tarehe za kulipia jina la tovuti na za cheti, pamoja na maelezo ya kila tatizo na namna lilivyotengenezwa. Ndiye pia anayepaswa kuhakikisha kwamba mtu wa pili anajua mahali pa kupata maneno ya siri, kwa sababu fundi anaweza kuugua, kukimbia vita ao kupata kazi Kampala.

Zaidi ya yote, fundi alipwe kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna kilichozimika. Taasisi inayomlipa mlinzi wa lango kwa usiku ambao mwizi hakuja haina sababu ya kumnyima fundi ambaye tovuti yake haikuzimika.