Pensheni ya Askari Mstaafu ni Deni



Kila mwaka, tarehe 25 Julai, Taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Mkuki, ngao na mashada ya maua huwekwa mnarani, na sisi viongozi wa dini huombwa kuwaombea marehemu. Ni desturi njema. Lakini shujaa aliye hai, aliyezeeka kijijini akiwa na kovu la risasi au mguu mmoja, hawezi kula shada la maua. Huyo ndiye tunayependa mumtafakari pamoja nasi.

Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwezi Oktoba 1978, Jeshi la Wananchi lilikuwa dogo kwa kazi iliyolikabili. Kwa hiyo makumi ya maelfu ya wanamgambo, pamoja na vijana wa JKT, polisi na magereza, waliongezwa safuni kutoka mikoa yote. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Askari wa kudumu alirudi kambini akaendelea kuhesabiwa miaka ya utumishi. Mwanamgambo alirudi kwenye jembe lake. Pensheni hupimwa kwa miaka ya utumishi na mshahara wa mwisho, lakini risasi haikuuliza nani ni mwajiriwa na nani ni wa mgambo.

Kosa la kumpima askari kwa hadhi yake badala ya jasho lake halikuanza jana. Wazee wetu waliopigana Burma katika kikosi cha KAR walilipwa kiinua mgongo baada ya vita mwaka 1945. Nyaraka zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba askari Mzungu alipewa hadi mara tatu ya Mwafrika mwenye cheo kile kile. Tulilaani ubaguzi huo, na ilikuwa haki kuulaani. Basi hatuna budi kujichunguza sisi wenyewe tuliojitawala.

Mwaka 2015 Serikali ilipandisha kima cha chini cha pensheni inayolipwa na Hazina hadi shilingi 100,000 kwa mwezi. Tulishukuru. Hata hivyo, fedha hiyo ilikuwa kama shilingi 3,300 kwa siku, nayo ilikaa pale pale kwa miaka mingi ilhali bei ya unga, sukari na nauli haikukaa. Pensheni isiyofuata gharama za maisha hupungua kila mwaka bila mtu yeyote kutamka kwamba imepunguzwa.

Kwa mlemavu wa vita mzigo ni mzito zaidi. Mwenye mguu mmoja hawezi kulima miteremko ya Mbulumbulu wala kumwagilia vitunguu Mang'ola. Kule Endulen na Nainokanoka, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, kilimo kimekatazwa. Aliyeshindwa kutembea nyuma ya ng'ombe hana shamba la kukimbilia. Akitaka kufuatilia madai yake Arusha, mtu wa Karatu husafiri kilomita zipatazo 140, na wa Loliondo mbali zaidi. Nauli na malazi humla pensheni kabla hajaila yeye.

Wako watakaouliza: mbona mkulima naye huzeeka bila pensheni? Swali hilo ni la haki, na uzee wa mkulima nao unatudai. Lakini askari alijeruhiwa akitii amri iliyotolewa kwa jina letu sote. Anayetoa amri hubeba matokeo yake. Ndiyo maana tunasema ni deni.

Katiba yetu, ibara ya 11, inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Ibara ya 7 inasema mahakama haziwezi kuilazimisha Serikali kutimiza sehemu hiyo. Pale ambapo hakimu hana nguvu, dhamiri ya wananchi na sauti ya wabunge wao ndizo zilizobaki. Mafundisho ya Kanisa nayo hayana utata: Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, aliitaja pensheni na bima ya ajali kazini miongoni mwa haki za mfanyakazi.

Kwa hiyo tunaiomba Serikali mambo matatu: pensheni ipandishwe kwa kufuata gharama za maisha, fidia ya ulemavu itolewe kwa kuangalia jeraha, awe mwajiriwa au mwanamgambo, na uhakiki wa wastaafu ufanyike wilayani, Karatu na Loliondo, na nyumbani kwa asiyeweza kutembea.

Nasi tusikae tukingoja. Kila Jumuiya Ndogondogo iorodheshe wastaafu wa jeshi, walemavu na wajane wao, bila kujali dini wala kabila. Katibu awasaidie kukusanya hati ya kuachishwa jeshi, namba ya utumishi na vyeti vya matibabu. Mjane asindikizwe Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, asiachiwe matapeli. Orodha zifike kwa Kamati ya Haki na Amani ya parokia, ili tukienda kwa Mkuu wa Wilaya na kwa Mbunge twende na majina, si manung'uniko.

Mungu asikiaye kilio cha kibarua aliyenyimwa ujira wake atujalie masikio kama yake.