Bustani za mboga Tanga: Kabla ya mbegu, tuulizane shamba ni la nani

NI jambo la kawaida kusikia kwamba kikundi cha akina mama wajane au vijana wasio na ajira huko Muheza, Pangani au Mkinga kimeanzisha bustani ya mboga. Viongozi hualikwa, mbegu na keni za kumwagilia hugawiwa, na picha hupigwa.

Siku hiyo kuna swali moja ambalo ni nadra kuulizwa: shamba hilo ni la nani?

Sipingi bustani hizi. Mchicha huvunwa wiki tatu hadi nne tangu kusia mbegu, hivyo mama mwenye mtaji mdogo anaweza kupata fedha ya unga kabla mwezi haujaisha. Soko nalo lipo. Kabichi na karoti hushuka kutoka milima ya Lushoto, lakini mchicha na matembele hunyauka upesi, kwa hiyo mkulima aliye karibu na mji ana nafasi yake, hasa wakati wa jua kali la Januari na Februari mboga zinapoadimika.

Tatizo ni ardhi. Tangu mkonge ulipoletwa mwaka 1893, eneo kubwa la Muheza, Korogwe na Pangani lilichukuliwa na mashamba makubwa. Kilichobaki kwa wanakijiji hugawanywa kwa urithi, na mjane na kijana ndio wanaofikiriwa mwisho. Matokeo yake vikundi vingi hulima mahali pa kuazima, kwa makubaliano ya mdomo.

Udongo wa pwani sehemu nyingi ni wa kichanga. Unahitaji samadi msimu baada ya msimu, na kisima kuchimbwa. Kazi hiyo ikishafanyika, shamba lililokuwa pori linakuwa na thamani. Hapo ndipo mwenyewe, au mwanawe aliyerudi kutoka Dar es Salaam, anapolikumbuka. Kikundi kinaondoka na keni zake, samadi na kisima vinabaki. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Ni hatua njema, lakini shamba likichukuliwa katikati ya msimu, deni halichukuliwi pamoja nalo.

Njia ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaruhusu kikundi cha watu walioungana kuomba hakimiliki ya kimila, ilimradi mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Sheria hiyo hiyo inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Kijiji chenye eneo la akiba kinaweza kuanzia hapo.

Pasipo na eneo la kijiji, na huko mijini, uandikwe mkataba wa kukodi wa angalau miaka mitatu, mbele ya uongozi wa kijiji au mtaa. Utaje mipaka, kodi, nani ana haki ya kisima, notisi ya muda gani itolewe, na mazao yaliyo shambani yatalipwaje.

Wapo wenye mashamba watakaosita. Pwani yetu inajua kesi za mtu aliyekaribishwa kulima mihogo, akapanda minazi, kisha wajukuu wake wakadai shamba. Hofu hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni maandishi hayo hayo: yaseme wazi kuwa huku ni kukodi, mazao ya kudumu hayaruhusiwi, na mwisho wake ni tarehe fulani. Karatasi inamlinda mwenye shamba kama inavyomlinda mpangaji.

Kwa maoni yangu, ofisa maendeleo ya jamii asipeleke mbegu wala kupitisha mkopo kabla ya kuiona karatasi hiyo. Nanyi akina mama na vijana, msione haya kuidai kabla ya kupiga jembe la kwanza. Mali bila daftari huisha bila habari, na bustani bila maandishi humnufaisha asiyeilima.