Tafakari ya Juma: Tozo ya Barabara na Deni la Mgeni



Wapendwa katika Kristo, juma hili naomba ruhusa ya kuliweka kando somo nililokuwa nimelikusudia, ili nijibu swali nililoletewa. Kijana mmoja, mzaliwa wa parokia yetu ambaye sasa anafanya kazi Ujerumani, ameniandikia kwamba kiangazi hiki atasafiri kwa pikipiki pamoja na wenzake wawili. Watateremka Italia kwa kupitia Austria, watavuka kwenda Ufaransa chini ya mlima Mont Blanc, kisha watarudi kwa njia ya Uswisi. Wenzake wamemwambia kwamba huko mbele barabara kuu ni za kulipia, lakini mwenye pikipiki yenye namba za kigeni hana haja ya kujisumbua. Kamera hupiga picha mbele ya chombo, na pikipiki haina kibao cha namba mbele. Kando ya kizuizi huwa pana upenyo unaomtosha mtu wa magurudumu mawili. Tena barua ya madai, hata ikitumwa, hufika baada ya miezi mingi au haifiki kabisa. "Padre," ameuliza, "je, hiyo ni dhambi, au ni ujanja wa safari tu?"

Jibu langu, mwanangu, ni kwamba ni dhambi. Nitaeleza kwa nini, ingawa kabla ya kumaliza itanibidi kuungama jambo langu mwenyewe katika habari hiyohiyo.

Naelewa linakotoka swali. Ujerumani mwenye pikipiki halipi tozo yoyote katika barabara zile za kasi, kwa hiyo aliyezoea huko huona kizuizi cha kwanza kama dhuluma. Lakini kila nchi ina utaratibu wake. Italia na Ufaransa, mara nyingi, unachukua tiketi unapoingia na kulipa unapotoka, kadiri ya umbali ulioutumia. Italia si wageni wa jambo hili: barabara ya magari kutoka Milano kuelekea Varese, iliyofunguliwa mwaka 1924, ilikuwa ya kulipia tangu mwanzo. Uswisi hutoza faranga 40 kwa mwaka mzima, pikipiki sawasawa na gari, wala haiuzi kibali cha siku moja. Anayekamatwa bila kibali hutozwa faini ya faranga 200 juu ya hizo 40. Austria huuza kibali cha muda, na pikipiki hulipa kidogo kuliko gari, lakini njia ya Brenner ina tozo yake ya pekee. Jamhuri ya Cheki na Slovakia haziwadai wenye pikipiki kibali hicho, na asiyedaiwa hana sababu ya kulipa. Ufaransa kuna barabara ambazo vizuizi vimeondolewa kabisa, kama ile ya A79 tangu mwaka 2022: unapita bila kusimama, kisha una saa 72 za kulipa mwenyewe kwa mtandao. Huko kamera husoma namba hata kwa nyuma, kwa hiyo hekima ya wale wenzako imekwisha kuchakaa. Ila ulipie katika tovuti rasmi, kwani wajanja wengi wamefungua zao zinazofanana nazo na kuongeza cha juu.

Na sasa tuje kwenye dhamiri. Sisi tuliopita seminarini tunakumbuka mafundisho ya zamani juu ya sheria zilizoitwa za adhabu tu. Wanateolojia wakubwa, akiwemo Francisco Suárez katika kitabu chake cha mwaka 1612 juu ya sheria, walikubali kwamba zipo sheria ambazo dhamiri haifungwi kuzitimiza, bali hufungwa tu kukubali adhabu mtu akikamatwa. Wengine waliziweka kodi na ushuru wa mipakani katika kundi hilo. Watu wengi ambao hawajapata kumsikia Suárez huishi kwa teolojia hiyo kila siku: ukikamatwa lipa, usipokamatwa mshukuru Mungu. Nakiri kwamba nilipokuwa mwanafunzi fundisho hilo lilinipendeza.

Hata hivyo tozo ya barabara haimo humo, hata kama tungekubali kwamba fundisho lenyewe ni sahihi. Anayechukua tiketi amefanya mapatano. Amepewa lami laini, daraja, handaki, taa, na mtu wa kumwokoa akianguka. Naye kwa kuichukua tiketi amekubali bei. Katekisimu huiita haki ya mabadilishano, nayo katika namba 2412 hufundisha kwamba aliyeivunja hudaiwa kurudisha, ikimtaja Zakayo, ambaye kazi yake, tusisahau, ilikuwa kusimamia watoza ushuru. Kukwepa kodi kumekatazwa waziwazi katika namba 2409. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 30, uliwakemea kwa pamoja wanaokwepa kodi za haki kwa hila na wale wanaodharau sheria za mwendo wa magari. Naona kana kwamba Mababa wa Mtaguso walikuwa na waendesha pikipiki mbele ya macho yao!

Lakini yako mashtaka ya haki upande wa pili, nami sitaki kuyapita. Mgeni hutozwa kwa urahisi kwa sababu hapigi kura. Italia pikipiki imewekwa daraja moja na gari dogo, ingawa uzito wake hauichoshi barabara hata kidogo. Mwaka 2017 ulianzishwa utaratibu wa kuwapunguzia wenye pikipiki asilimia 30, lakini kwa wale tu wenye kifaa maalumu cha kulipia, na mpita njia wa siku tatu hana kifaa hicho. Ujerumani nayo ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kutoza magari madogo katika barabara zake, huku wenyeji wakiahidiwa kupunguziwa kodi ya gari kwa kiasi kilekile. Mzigo ungebaki kwa wageni peke yao. Austria ilishtaki, na tarehe 18 Juni 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba huo ni ubaguzi.

Nilipoisoma hukumu hiyo niliikumbuka Injili ya Jumatatu ya Juma la 19 la Mwaka, ambayo huangukia karibu kila mara katika miezi hiyo ya safari zao. Tuko Kapernaumu, mji ulio karibu na mpaka wa milki mbili, penye kituo cha ushuru ambako Mathayo aliitwa. Wakusanyaji wa kodi ya hekalu wanamwuliza Petro kama mwalimu wake hulipa. Bwana anamrudishia Petro swali: wafalme wa dunia huwatoza nani, wana wao au watu wa nje? Petro anajibu kwamba huwatoza watu wa nje, naye Bwana anakubali kwamba basi wana wako huru. Kwa maneno mengine, Yesu anaiona kasoro iliyomo katika mfumo na kuitaja kwa sauti. Kisha anaagiza ilipwe, wasije wakawakwaza watu, na sarafu iliyotoka kinywani mwa samaki inalipa kwa ajili ya wawili. Mathayo peke yake ndiye aliyeiandika habari hii. Sishangai, aliyewahi kukaa kwenye meza ya ushuru asingeisahau.

Kwa hiyo lalamika, mwanangu. Waandikie wahusika, jiunge na vyama vya waendesha pikipiki vinavyodai bei ya haki. Na kama hutaki kulipa, ipo njia nyingine iliyo halali kabisa: usiitumie barabara hiyo. Kando ya barabara ya Brenner ipo ya zamani isiyo na tozo. Juu ya handaki la Gotthard iko njia ya mlimani, mita 2,106 kutoka usawa wa bahari, hufunguliwa kiangazi, nayo hailipiwi. Nimeambiwa na wajuzi kwamba mwenye pikipiki anayepita handakini siku ya jua amekosa akili zaidi kuliko fedha.

Mont Blanc ni habari nyingine. Tozo yake ni kubwa, nawe utanung'unika. Handaki lile lina urefu wa zaidi ya kilomita 11, nalo lilifunguliwa mwaka 1965. Tarehe 24 Machi 1999 lori lililobeba unga na majarini lilishika moto ndani yake, na watu 39 wakafa. Mmoja wao alikuwa Pierlucio Tinazzi, mlinzi wa upande wa Italia, ambaye kazi yake ilikuwa kupita humo kwa pikipiki kuangalia usalama. Aliingia ndani ya moshi kuwasaidia waliokwama, na alifia humo, kando ya dereva wa lori ambaye hakutaka kumwacha. Handaki lilipofunguliwa tena mwaka 2002 lilikuwa na vyumba vya kukimbilia vyenye hewa safi na zamu ya zimamoto usiku na mchana. Utakapofika kwenye dirisha la malipo, sehemu ya fedha utakayotoa ni ujira wa watu wa namna hiyo. Ukipenya kando ya kizuizi, yule utakayempunja si serikali peke yake.

Nimeahidi kuungama, basi na nifanye hivyo.

Mwaka 2016 nilikuwa masomoni Roma. Kama ilivyo desturi ya mapadre wanafunzi, kiangazi nilikwenda kushika zamu katika parokia moja ya Tirol, Austria, paroko wake akiwa likizo. Huko nilipata rafiki, seremala, mtu wa maneno machache mwenye pikipiki kubwa. Aliposikia kwamba natamani kuiona Trento, ulikofanyika Mtaguso wa mwaka 1545 hadi 1563, alinipakia nyuma. Njiani tulisimama karibu na daraja kubwa la Brenner, lile waliloliita Daraja la Ulaya, lililo mita 190 juu ya bonde. Pembeni yake kipo kikanisa, ukumbusho wa wafanyakazi 22 waliokufa katika ujenzi uliomalizika mwaka 1963. Tukawasha mishumaa, tukaendelea.

Tulipoingia barabara ya Italia, rafiki yangu, aliyekuwa amevaa glovu, alinipa mimi tiketi niishike. Niliitia katika mfuko wa koti bila kuufunga. Upepo uliichukua sijui wapi. Na kule asiye na tiketi huhesabiwa kuwa ametokea kituo cha mbali kuliko vyote. Tulipofika kizuizini tulisimama kama wajinga, magari nyuma yetu yakipiga honi, na mbele ya macho yetu pikipiki mbili zikapenya kando na kuondoka. Rafiki yangu aliutazama ule upenyo, kisha akanitazama mimi katika kioo. Nikatikisa kichwa. Nilijiona mwenye haki, sitaficha. Nikabonyeza kitufe cha msaada, nikajieleza, na mashine ikatoa karatasi ya deni: siku 15 za kulipa bila nyongeza.

"Niachie mimi," nikamwambia, "Kiitaliano ninakijua." Niliitia katika kitabu changu cha masifu, nikaisahau.

Mwaka uliofuata nilirudi katika parokia ile. Mkewe, akidhani nalijua jambo hilo, alitaja wakati wa chakula kwamba zile barua kutoka Italia zilikuwa zimemsumbua sana mumewe, hasa kwa kuwa hakuelewa lugha. Deni, pamoja na gharama zilizoongezeka, lilikuwa mara kadhaa ya tozo ya safari yetu. Alikuwa amelipa lote, na alimwonya mkewe asinieleze, padre asije akaaibika. Bila shaka kusahau si sawa na kuiba. Ila nilijua vema ni kwa nini nilisahau: karatasi haikuwa na jina langu. Kibao cha namba kilikuwa cha mwingine. Kizuizini, palipokuwa na watu wa kunitazama, nilikuwa mwema. Katika zile siku 15 hapakuwa na mtu wa kunitazama. Na nyie mnaoazimana pikipiki au kuzikodi huko mfahamu kwamba deni unalolikimbia halipotei njiani. Hufika mlangoni kwa mtu, na huyo mtu ana jina.

Nilimpa noti ya euro 50, akaikataa. Niliposhikilia, alisema niitie katika kisanduku cha mishumaa cha kile kikanisa cha darajani, yaishe. Nilirudi Roma kwa treni, na mwaka 2018 nikarudi nyumbani. Sijapita tena njia ile. Noti imo katika bahasha, ndani ya kitabu kilekile cha masifu.

Mwanangu, umeandika kwamba dada yako anakuja huko mwezi ujao. Mwambie apite kwanza parokiani aichukue. Kikanisa kiko upande wa Austria, kabla ya kufika mpakani, karibu na daraja.