Rafiki aliyevuka bahari kuja kuaga

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii tuliiandika sana katika insha za shuleni, kisha tukaisahau pindi tulipopokea matokeo. Juma hili, mpenzi msomaji, nakuletea filamu itakayokukumbusha maana yake ukiwa umeketi sebuleni pako.

Filamu yenyewe yaitwa Truman. Ilitolewa mwaka wa 2015 na mwelekezi wake ni Cesc Gay wa Uhispania. Kwao ilitia fora, kwani mwaka wa 2016 ilinyakua tuzo tano za Goya, ikiwemo ile ya filamu bora. Hapa kwetu ni wachache walioisikia. Haina bunduki wala magari yanayofukuzana, na wahusika wanazungumza Kihispania.

Julián ni mwigizaji kutoka Argentina anayeishi Madrid. Ana saratani ya mapafu ambayo imeenea mwilini, naye ameamua kuacha matibabu. Rafiki yake wa tangu zamani, Tomás, ambaye ni mhadhiri nchini Kanada, anapanda ndege kwenda kukaa naye siku nne. Truman ni jina la mbwa wa Julián, jibwa kubwa lililozeeka. Kinachomkosesha mgonjwa huyu usingizi ni swali moja: nani atamlea mbwa wangu nikiondoka?

Siku hizo nne zinapita katika shughuli ndogo ndogo. Marafiki hawa wanakwenda kwa daktari wa mifugo kuuliza iwapo mbwa huomboleza. Wanakwenda kuulizia mipango ya mazishi. Mara wanapanda ndege hadi Amsterdam kumwona mwana wa Julián anayesoma huko. Mwenye kutoa pesa kila mahali ni Tomás. Awali alikuja na nia ya kumshawishi mwenzake arudie matibabu, jambo ambalo Paula, binamuye Julián, analitaka sana. Muda si muda anang'amua kwamba hakuitwa kushinda mjadala. Kazi yake ni kuwapo.

Ricardo Darín na Javier Cámara wameigiza kwa utulivu hata unasahau kwamba ni maigizo. Wanataniana, wananuniana, kisha wanacheka. Hakuna hotuba.

Kuna mahali ambapo watu wanaomjua Julián wanajifanya hawamwoni mkahawani, kwa kuwa hawajui la kumwambia. Hapo ndipo niliposhikwa. Mwaka jana rafiki yangu tuliyelala bweni moja aliugua. Nilimtumia pesa kwa simu, nikaandika "ugua pole" katika kundi letu la WhatsApp, nikajiona nimetimiza wajibu. Kutoka kwangu hadi kwake ni matatu mbili tu, lakini miezi mitano ilipita bila mimi kufika. Niliwaambia watu kwamba kazi zimenizidi. Ukweli ni kuwa niliogopa kuketi mbele yake nikose la kusema.

Jumamosi iliyofuata baada ya kuitazama filamu hii, nilikwenda. Hakuniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Alinitazama kutoka juu hadi chini akasema, "Bwana wee, umenenepa!" Tukacheka mpaka mkewe akachungulia kutoka jikoni. Tulikaa hadi jioni, na ugonjwa hatukuutaja ila mara moja.

Ukiitafuta filamu hii kwenye huduma za filamu za mtandaoni, taja na mwaka wa 2015, maana zipo nyingine zenye jina kama hilo. Chagua ile iliyo na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Ni ya chini ya saa mbili, kwa hivyo bando la mwanafunzi halitaisha lote. Wazazi, si filamu ya watoto wadogo: kuna maneno makali, na karibu na mwisho kuna tukio la chumbani. Vijana waliokomaa wataambulia mengi, hasa wakitazama pamoja na wazazi wao na kuzungumza baadaye.

Hatima ya yule mbwa sitakufichulia. Ila picha ikishakwisha, usiharakishe kufungua nyingine. Mpigie simu yule ambaye umekuwa ukisema utamtembelea "siku moja", mpange siku yenyewe. Nauli si kitu.

Jumapili njema.